Fanuel wa Matangazo

Mume wangu Fanuel alikuwa na mdomo, na ni mimi mkewe nasema, si jirani. Miaka ishirini na sita alizunguka mji wa Voi akisoma mita za maji kwenye nyumba za watu, na kila geti alilofungua aliacha watu wanacheka. Hata mbwa walimzoea. Jioni akipanda kurudi kwetu Sagalla anakuta bomba letu limekauka wiki ya tatu, mimi nimetoka kuteka maji bondeni, shingo inaniuma, nimenuna. Ananiangalia hivi, anasema, "Mama Titus, leo nimesoma maji mengi ajabu, sema tu sikubeba." Basi mimi niliyekuwa tayari kumfokea nacheka. Ndivyo alivyoniposa, kwa kunichekesha, na ndivyo tulivyoishi miaka thelathini na minane.

Alipostaafu, mdomo wote ukahamia kanisani. Kanisa letu ni lile la mawe lililo juu, pale bodaboda wanapogeuzia pikipiki kwa sababu njia imeisha. Fanuel alipewa kazi ya matangazo. Kasisi akimaliza mahubiri, yeye anasimama na kile kitabu chake cha jalada gumu, anavaa miwani, anakohoa mara mbili, na waliokuwa wamelala wanaamka. Nani anaoa. Nani amelazwa. Ndovu wameingia shamba la nani na wamebakisha nini. Zamu ya kufagia ni ya nani, na wiki iliyopita nani alifagia vibaya. Watu walimwita Fanuel wa Matangazo, na kuna waliokuwa wakichelewa ibada makusudi, wanafika wakati wa matangazo tu. Nawajua kwa majina.

Baada ya matangazo wanafuata wageni. Kwetu mgeni hakai kimya akaondoka kimya, hiyo ni aibu yetu sisi. Anasimama, anataja jina na alikotoka. Halafu kanisa zima tunasugua viganja, tunapiga kofi moja kubwa, tunamrushia kwa mikono miwili, naye anadaka hewani na kuliweka kifuani. Kisha wageni wanapelekwa ofisini kunywa chai na kasisi. Hayo yako makanisa mengi. Lakini Fanuel aliongeza lake. Mtu wa hapa hapa akipotea Jumapili nyingi, siku akirudi Fanuel anamsimamisha pamoja na wageni. "Leo tuna mgeni kutoka nchi ya mbali sana," anasema, "nyumba ya tatu ukishuka kulia." Kanisa linapasuka. Aliyepotea anasimama, anacheka kwa haya, anaahidi hatapotea tena, anapigiwa makofi. Mzee Muinde alisimamishwa mara tatu mwaka mmoja, na kila mara alirudi akiwa anacheka yeye kwanza.

Haki ya Mungu, tulidhani huo ndio upendo. Na kwa Muinde ulikuwa upendo, mimi sikatai.

Tulizaa watatu. Titus yuko Mombasa, Wakesho ameolewa Njukini, na kitinda mimba ni Wendy. Wendy alikuwa wa baba yake, kabisa kabisa. Akiwa mdogo alikuwa anasimama juu ya debe na kitabu cha shule, anakohoa mara mbili, anatangaza kuku wangapi wametaga. Fanuel alikuwa akimwita "mama", kwa sababu alifanana na mama mzazi wa Fanuel, na mimi walikuwa wakinicheka wote wawili. Alipokua akaingia kikundi cha vijana cha kanisa, akawa mwenyekiti wao. Walikuwa vijana kumi na wanane wakati huo. Kumi na wanane! Leo ukiwapata wanne washukuru Mungu.

Mwaka ambao tulijenga nyumba ya kasisi, maji ya kuchanganya saruji yalitoka bondeni, na waliobeba ni vijana. Kila Jumamosi, mtungi wa lita ishirini, panda shuka, panda shuka. Ikaja siku ya mkutano wa kanisa, na Wendy akasimama. Alikuwa na miaka ishirini.

"Naomba kuuliza," akasema. "Tangu Januari sisi vijana tumeitwa mara tisa. Mara nane ni kubeba maji, mara moja ni kupanga viti. Je, kuna siku tutaitwa tuulizwe jambo?"

Fanuel alikuwa meza ya mbele pamoja na wazee wenzake. Akatabasamu, akamwambia, "Keti, mama. Wakubwa wanaongea."

Alisema kwa upole, wala hakufoka. Wazee wakacheka, mkutano ukaendelea na habari ya bati. Wendy akaketi. Jumamosi ile alibeba maji, na iliyofuata, na iliyofuata, mpaka nyumba ikaisha. Ilipoisha akaacha kuja kanisani. Alimaliza maji kwanza, huyo ndiye mtoto wangu. Na wenzake wakaanza kupungua mmoja mmoja, sisi tukasema ni simu, ni Voi, ni dunia.

Akashuka Voi kusoma mambo ya kompyuta, akapata kazi kwenye duka moja la saiba karibu na soko, kupiga chapa na kutoa kopi na kuwajazia watu fomu za serikali. Miaka miwili hakupanda kanisani. Nyumbani alikuja siku za kazi, haraka haraka, na unga na sukari mkononi. Jumapili nikimpigia ananiambia, "Nilikuwa kazini, Mama." Mimi nina hasira za karibu, sijifichi. Nilimwambia, "Kwani huyo tajiri wako hajui kuna Mungu?" Siku nyingine nilimwambia shetani amefungua ofisi Voi na yeye ndiye karani. Ningejua, ningekata ulimi.

Ikaja Jumapili moja ya Julai. Ukungu umelala juu ya kilima, baridi, watu wamevaa makoti juu ya makoti. Tuko katikati ya zaburi nikasikia pikipiki, nikageuka. Wendy ameingia. Amevaa gauni pana la kijivu na sweta, ameketi benchi la mwisho karibu na mlango, peke yake. Jameni, moyo wangu! Sijui tena mahubiri yalisema nini. Akina mama walinibana mbavu kwa viwiko pande zote mbili. Nikamtazama Fanuel kule mbele, na nikaona kile kitabu cha matangazo amekishika kichwa chini. Yule mwanamume alikuwa na furaha mpaka haikumtosha mwilini. Alisahau hata kukohoa.

Sasa mtu kama huyo, furaha kama hiyo, ataionyesha vipi? Ataionyesha kwa njia anayoijua.

"Ndugu zangu," akasema, "leo tupige magoti. Miaka miwili nimetafuta mita ya nyumba moja sikuipata, leo imekuja yenyewe. Tuna mgeni. Mgeni wetu asimame, atuambie jina lake na alikotoka."

Watu wakaanza kucheka. Wendy hakusimama. Fanuel akamwita, "Simama, mama, usione haya, hawa ni watu wako." Akasimama taratibu, ameshika benchi la mbele yake.

"Naitwa Wendy," akasema. "Nimetoka Voi."

"Voi!" Fanuel akaruka nayo. "Kumbe Voi kuna chakula hivi! Alituacha mwembamba hata upepo ulikuwa unamsukuma. Mtazameni sasa alivyonona!"

Kanisa likaanguka kwa kicheko. Nduku, yule kiongozi wa akina mama, alitoa machozi. Tukasugua viganja, tukapiga lile kofi, tukamrushia. Wendy hakudaka. Mikono yake yote miwili alikuwa ameiweka tumboni. Nikasema moyoni, maskini, anaona haya.

Na mimi nilicheka. Naomba hilo lisikike vizuri, kwa sababu sijawahi kulisema kwa sauti mpaka mwaka huu. Nilicheka kichwa nyuma, meno nje, nikamgonga Koki aliyekaa karibu yangu begani. Mimi mamake.

Ibada ilipoisha nilikwenda ofisini kwenye chai ya wageni, hayupo. Nikatoka nje, nikaambiwa ametoka pamoja na wageni, akapita mlango wa ofisi, akaendelea kutembea. Hakungoja hata pikipiki. Nilipiga simu, haikushikwa. Jioni nikapiga, imezimwa. Wiki nzima hivyo, kisha akatuma ujumbe: mko salama, niko salama, nina kazi nyingi.

Tulikasirika. Niseme uongo? Nilikasirika kuliko Fanuel. "Mtoto gani huyu?" nikamwambia. "Baba yake anamfurahia mbele ya watu wote, yeye anaondoka bila hata kuonja chai. Anajiona nani?" Na Fanuel akawa anasema labda atakuja Jumapili ijayo. Kila Jumapili akawa anatazama mlango kabla ya kukohoa. Julai ikaisha, ikaja Agosti, Septemba, Oktoba.

Novemba akaniambia anashuka Voi kununua dawa zake za presha. Akarudi na dawa, lakini hakurudi na mdomo. Siku ya kwanza nikadhani ni uchovu. Siku ya pili nikamuuliza kama ni mgonjwa, akasema hapana. Fanuel kimya ndani ya nyumba! Kuku wenyewe walikuwa wanashangaa. Siku ya tatu tuliketi uani tunapukuchua mahindi, na ndipo akaniambia, macho yake kwenye gunzi.

Alikuwa amekwenda kwenye duka la saiba. Alipanga foleni nyuma ya watu wa kopi. Ilipofika zamu yake akamwambia Wendy, "Naomba nipigiwe chapa binti mmoja, wangu amepotea." Wendy hakucheka. Alimwomba mwenzake ashike kaunta, akatoka na baba yake nyuma ya duka, penye ngazi, wakaketi.

"Baba," akamwambia, "nilikuwa na mimba. Ilitoka Jumatano, ya miezi mitano. Jumapili yake nikapanda kwenu."

Fanuel akauliza kwa nini hakusema. Wendy akamwambia, "Niseme vipi? Huyo kijana alishanikimbia, nilijiondoa hospitalini mwenyewe. Sikuwa nimekuja kusema. Nilikuja kuketi tu, Baba. Niketi pale nyuma, mtu asiniulize kitu, nisikie sauti yako ikisema zamu ya kufagia ni ya nani. Basi, ni hilo tu nililokuwa nataka. Siku ile nilipotaka kusimama mliniambia niketi. Siku hii nilipotaka kuketi mkanisimamisha."

Kisha akamwambia jambo ambalo Fanuel alilirudia kwangu mara mbili, kama mtu anayehakikisha kwamba amelisikia sawasawa. "Tumbo lilikuwa bado halijarudi. Ndilo ulilowaonyesha watu."

Nilisimama, mahindi yakamwagika yote. Nilimwambia Fanuel maneno. Sitayarudia hapa yote. Nilimwambia mdomo wake ndio umemfukuza mtoto, mdomo wake ndio umetufungia mlango, ati mzee mzima anampima binti yake kwa macho mbele ya kanisa kama ng'ombe wa mnada. Nilimwambia angekuwa bubu tungekuwa na mtoto. Alikuwa ameketi pale chini na gunzi mkononi, akasema, "Ni kweli, Mama Titus." Sikumwambia kwamba na mimi nilicheka. Nilimtwika yote yeye, akabeba, na mimi nikamwachia abebe.

Krismasi haikuwa Krismasi. Februari ikaja barua kutoka makao makuu ya dayosisi, kila kanisa lijadili jinsi ya kuwarudisha vijana. Basi tukaitwa mkutano, wazee na viongozi wa akina mama, Kasisi Mwendwa akiongoza. Hesabu yetu chumbani mle, wa umri mdogo kabisa alikuwa Nduku, na Nduku ana miaka hamsini na mbili. Kijana alikuwepo mmoja, Alexander, mpwa wa Koki, na alikuwa jikoni anatuchemshia chai.

Muinde akasema tununue wavu wa voliboli. Mwingine akasema tuwape Jumapili moja kwa mwezi waimbe wanavyotaka, lakini nyimbo zipitiwe kwanza na wazee. Nduku akasema tatizo ni spika, vijana wanapenda kelele, tuongeze spika mbili. Kasisi anaandika kwenye karatasi kubwa ukutani. Halafu Fanuel akanyoosha mkono, kitu ambacho hakuwahi kufanya, yeye alikuwa anaongea tu.

"Mimi nina ombi dogo," akasema. "Tuache kusimamisha watu. Mtu akija, tumwache aketi."

Wakamtazama. Akawaeleza. Hakusema habari ya mimba, hiyo haikuwa yake kuisema, lakini alisema binti yake alikuja na msiba moyoni, na yeye akamfanya kichekesho, na hajarudi. Alisema huku akilia, na Fanuel sikuwahi kumwona akilia hata tulipomzika mamake. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake. Hapo ndipo ningesema, hata mimi nilicheka, sote tulicheka. Niliangalia kikombe changu.

"Mzee wetu, usijilaumu," akasema Muinde. "Ulikuwa utani. Mimi umenisimamisha mara ngapi?"

"Na wageni watajisikiaje wakiachwa?" akauliza Nduku. "Watasema Sagalla hatuna ukarimu."

Wakakubaliana kwamba wageni waendelee kusimama, ni desturi yetu. Lakini Kasisi akasema, ili vijana waone wana nafasi, kazi ya matangazo sasa ishikwe na kijana. Wakamwita Alexander kutoka jikoni, akaja na birika mkononi, akaambiwa. Fanuel akampa kitabu chake cha jalada gumu siku ile ile. Wavu wa voliboli ulinunuliwa. Uko stoo, bado kwenye nailoni yake.

Jumapili iliyofuata Fanuel hakwenda mbele. Aliketi benchi la mwisho, karibu na mlango, nafasi ya pili. Ile ya kwanza, ya pembeni kabisa, aliweka kofia yake. Mtu akitaka kuketi anamwambia, "Samahani, kuna mtu." Na kila Jumamosi mchana alimpigia Wendy simu, niko pale nasikia, maneno ni yale yale: "Mama, kesho nimekuwekea nafasi nyuma. Hakuna atakayekusumbua. Mimi mwenyewe sitasema kitu." Naye Wendy anamjibu, "Nitaona, Baba."

Miezi kumi na minne. Krismasi kanisa limefurika, watu wamesimama madirishani, kofia iko pale. Watu wakaanza kusema mzee anazeeka vibaya. Wengine walinifuata nimwambie aache, nikawafukuza, hasira zangu angalau zilifaa kitu. Lakini mimi nilibaki kulekule mbele na akina mama, kitambaa cheupe kichwani, nimenyooka. Benchi lile lilikuwa na nafasi hata ya tatu. Jumapili baada ya Jumapili nilimpita mlangoni, naye ananiangalia, anasogea kidogo, mimi napita. Ningeketi pale ningekuwa nakiri, na sikutaka kukiri.

Nilikwenda Voi kumwona Wendy, mara mbili. Nilimpelekea kimanga cha muhogo na maharagwe, chakula anachopenda tangu utoto, nimekifunga kwenye taulo kisipoe. Njia nzima nilipanga maneno. Nilipofika nikamweleza habari ya ndovu. Jinsi walivyovunja uzio wa mizinga ya nyuki, ule wa kuwazuia, kwa Muinde, jinsi tulivyopiga mabati mpaka alfajiri. Niliongea habari ya ndovu saa nzima, yeye anakula, ananiangalia. Aliponisindikiza akaniuliza, "Baba bado anaketi nyuma?" Nikasema ndiyo, na kofia yake. Akaangalia pembeni. "Mwambie nitakuja," akasema. "Mwambie sijakataa. Bado siwezi kupita ule mlango." Mara ya pili nikaongea habari ya ndovu tena.

Nilimwambia Fanuel alivyosema. Alifurahi kama mtu aliyeletewa barua. Alikaa nayo siku nyingi, "sijakataa", akawa anaisema peke yake akikata majani ya ng'ombe.

Alikufa Alhamisi, mwezi wa Aprili, saa nne asubuhi, palepale penye majani. Nilimwita chai iko tayari, hakujibu, nikadhani ananitania. Nikamwita mara ya pili kwa ukali. Maneno ya mwisho niliyomwambia mume wangu ni, "Fanuel, nitaimwaga hii chai."

Tulimzika. Wendy alikuja siku ileile, akapika, akaosha vyombo, akapokea watu, hakulia mbele ya mtu. Wale vijana wa zamani wa kikundi chake walipanda kutoka Voi na Mbololo, wengine sikuwatambua kwa ndevu. Wao ndio waliochimba kaburi. Tuliwaita na wakaja, kama siku zote tunavyowaita.

Jumapili baada ya maziko, kwa desturi, familia yote inakwenda kanisani kushukuru. Tuliwekewa mabenchi ya mbele. Titus na mkewe, Wakesho na watoto wake, wageni wa Titus wa kazini, mimi katikati. Nikaangalia, Wendy hayuko. Nikageuka. Alikuwa benchi la mwisho, karibu na mlango, pale pa kofia. Pembeni yake, mahali pa Fanuel, hapana mtu. Hakuna aliyethubutu kuketi.

Alexander akasoma matangazo. Anasoma vizuri, mtoto wa watu, anakohoa mara mbili bila kujua kwamba anakohoa. Akafika kwa wageni, nikaona anasita. Akasema kwa sauti ndogo, "Wageni wetu, wale wanaopenda." Wenzake Titus wakasimama mmoja mmoja, huyu wa Mombasa, huyu wa Kilifi, huyu wa Mariakani. Watu tayari wameanza kusugua viganja.

Nikasikia benchi la nyuma linalia. Kanisa likageuka.

"Naitwa Wendy wa Fanuel," akasema. Ile sauti, ya baba yake kabisa, ilifika mpaka mbele bila kupazwa. "Baba aliniwekea nafasi hapa. Nimechelewa."

Akaketi. Mikono ya watu ilikuwa hewani, na hakuna aliyepiga kofi. Alexander alifunga kitabu. Nilimsikia Nduku nyuma yangu anasema, "Mungu wangu, Mungu wangu," polepole.

Nikasimama. Titus akanishika mkono, akidhani nimezidiwa, nikajitoa. Nilipita katikati ya kanisa lile refu, kitambaa kimenianguka mabegani, watu wote wananiangalia, na kwa mara ya kwanza nikajua kanisa letu ni refu kiasi gani kwa mtu anayeangaliwa. Nikafika nyuma, nikainama.

"Wendy," nikamwambia. "Siku ile na mimi nilicheka."

"Najua, Mama," akasema. "Baba alipoanza, nilikuangalia wewe kwanza."

Hasira zote nilizowahi kuwa nazo, mdomo wote niliomlaumu nao marehemu, sikupata hata neno moja la kumpa mwanangu. Nilisimama pale nimeshika benchi, na nyuma yangu Kasisi anangoja, hakuna anayekohoa.

Wendy akasogea. Akaingia mahali pa baba yake, na mimi nikaketi palipokuwa pakiwekwa kofia.